Kiti cha seneta Minnesota: nani anakikalia, kinabaki wazi lini, na anayekirithi anapatikanaje

Mwongozo huu ni wa anayetunza orodha ya maseneta wa jimbo: katibu wa jumuiya ya Wakenya au Watanzania, mhariri wa jarida la kanisa au msikiti, mwanafunzi, au mpiga kura anayetaka kujua barua yake aipeleke kwa nani mwezi huu. Tumechukua Minnesota. Waafrika Mashariki wamekita mizizi huko kiasi kwamba mwaka 2024 mzaliwa wa Kenya, Huldah Momanyi Hiltsley, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo. Tena, tangu 2018 Seneti yake imepitia karibu kila aina ya pengo: kifo, kujiuzulu, hukumu ya jinai, hata seneta kupandishwa cheo bila kukiomba.

Kabla ya yote, tuelewane juu ya neno moja. Kwa Mtanzania "jimbo" ni sehemu ya mbunge mmoja. Mkenya huiita eneo bunge. Humu jimbo ni Minnesota nzima, na sehemu inayowakilishwa na seneta mmoja tutaiita eneo. Chagua neno lako mapema na usiliache njiani, maana orodha nyingi za Kiswahili huharibikia hapa: ukurasa wa kwanza jimbo ni la gavana, ukurasa wa tatu jimbo ni la seneta, na msomaji ameshapotea.

Viti na mihula

Seneti ya Minnesota ina viti 67, na kila kimoja kina eneo lake. Mkenya atashtuka kidogo, kwa kuwa Seneti ya Nairobi nayo ina maseneta 67 ukimwacha spika. Kufanana kunaishia hapo. Kenya maseneta 20 huingia kwa orodha za vyama; Minnesota hakuna hata mmoja anayeteuliwa, wala mwanzoni mwa muhula wala kiti kinapobaki wazi katikati. Kila pengo linalojazwa hujazwa kwa kura.

Kila eneo la seneti limegawanywa mara mbili, A na B, na kila nusu ina mwakilishi wake katika Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 134. Kwa hiyo anayeishi eneo la 47A ana seneta wa 47. Ukijua namba ya mwakilishi wako umeshamjua seneta wako. Toa herufi tu.

Maseneta wote 67 huchaguliwa siku moja. Muhula wao si wa urefu mmoja: huenda miaka 4, kisha 4, kisha 2. Sababu ni ramani. Baada ya sensa ya kila miaka 10 mipaka huchorwa upya, na katiba inataka kila seneta arudi kwa wapiga kura wa ramani mpya. Ndiyo maana waliochaguliwa 2020 walikaa miaka 2 tu, wa 2022 wakapata 4, na watakaochaguliwa 2030 watapata 2 tena. Kosa la kawaida ni kumwandikia seneta wa 2020 kwamba muhula wake unaishia 2024, halafu mtu anahangaika kutafuta "alijiuzulu kwa nini" 2022. Hakujiuzulu. Muhula ulikwisha.

Sifa za kugombea ni chache: awe mpiga kura halali, umri wa miaka 21, awe ameishi Minnesota mwaka mmoja, na ndani ya eneo lenyewe miezi 6 kabla ya siku ya uchaguzi. Sharti hilo la miezi 6 ndilo linaloangusha watu. Na hakimu wa kwanza wa sifa za mjumbe ni chumba chenyewe: kila chumba cha bunge huamua juu ya uhalali wa wajumbe wake.

Jinsi ya kupanga orodha

Usianze na majina. Anza na kiti. Kila mstari wa orodha uwe na haya: namba ya eneo pamoja na mwaka wa ramani, jina, chama, siku ya kiapo, siku ya mwisho, sababu ya kuondoka, siku ya uchaguzi wa kumpata mrithi, na jina la mrithi. Safu ya mwaka wa ramani ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayookoa orodha.

Tazama eneo la 6. Ukisoma namba peke yake utapata mlolongo huu: David Tomassoni, halafu Justin Eichorn, halafu Keri Heintzeman. Unasomeka vizuri, na si kweli. Eneo la 6 la ramani ya 2012 lilikuwa nchi ya migodi ya chuma, Hibbing na majirani zake. Ramani ya 2022 iliihamishia nchi hiyo kwenye namba 7, ambako Rob Farnsworth alichaguliwa. Eichorn alikuwa tayari seneta tangu 2017, ila wa eneo la 5. Ramani mpya ikamweka kwenye 6. Hakumrithi Tomassoni. Orodha sahihi ina mistari miwili, "6 (ramani ya 2012)" na "6 (ramani ya 2022)", na hakuna mshale kati yao. Mshale mmoja wa kweli uko kutoka kwa Eichorn kwenda kwa Heintzeman, aliyeshinda uchaguzi mdogo wa tarehe 29 Aprili 2025.

Jambo hilohilo hutokea kwa mtu. Ann Johnson Stewart alikuwa seneta wa 44 kuanzia 2021 hadi 2023, kisha akashinda kiti cha 45 Novemba 2024. Ukiandika kwamba "alirudi kwenye kiti chake" umekosea mara mbili: namba ni nyingine na ramani ni nyingine. Kiti kina historia yake na mtu ana yake. Ziandike kwenye majedwali mawili, kisha uziunganishe kwa tarehe.

Kiti kinakuwa wazi lini hasa

Sheria ya Minnesota inataja matukio yanayofungua kiti: kifo, kujiuzulu, kuondolewa, kuacha kuishi katika eneo, kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la aibu au la kuvunja kiapo cha kazi, kukataa au kupuuza kula kiapo, na mahakama kutangaza uchaguzi kuwa batili. Zaidi ya hapo, Seneti yenyewe inaweza kumfukuza mjumbe kwa kura za theluthi mbili.

Ugonjwa haumo. Jeraha halimo. Seneta John Hoffman alipopigwa risasi nyumbani kwake Juni 2025 akalazwa hospitalini, kiti kilibaki chake siku zote hizo. Kushtakiwa nako hakumo. Mjumbe anaweza kukamatwa, kupandishwa kizimbani na kuvuliwa nafasi zake kwenye kamati, na bado akawa seneta mwenye kura moja kamili. Eichorn alikamatwa Machi 2025. Kiti kilifunguka siku chache baadaye, tarehe 20, alipojiuzulu siku ileile wenzake walipojiandaa kupiga kura ya kumfukuza. Nicole Mitchell wa eneo la 47 alikamatwa Aprili 2024 akaendelea kupiga kura zaidi ya mwaka mzima. Alitiwa hatiani Julai 2025 na kujiuzulu mwezi huohuo.

Kwenye kujiuzulu ndiko tarehe hukosewa zaidi. Barua huandikwa, husainiwa na hupelekwa kwa gavana, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuitisha uchaguzi. Isipotaja siku, hufanya kazi pale inapopokelewa. Ikitaja siku ya mbele, hufanya kazi saa 6 na dakika moja usiku wa kuamkia siku hiyo. Maana yake: seneta akiandika "najiuzulu kuanzia tarehe 6", tarehe 5 ndiyo siku yake ya mwisho kamili kazini. Na barua ya siku ya mbele inaweza kuondolewa kabla haijakubaliwa kwa maandishi. Kwa hiyo tangazo kwa waandishi wa habari si tarehe ya orodha yako. Tafuta barua, soma mstari wenye neno la kuanzia lini, andika tarehe hiyo.

Kuhesabu siku hadi uchaguzi mdogo

Ukishakuwa na tarehe, jiulize maswali kwa mpangilio huu.

Je, bunge litakaa tena kabla muhula haujaisha? Kama halitakaa, hakuna uchaguzi. Kiti kinabaki wazi mpaka muhula uishe. Tomassoni alifariki Agosti 2022, vikao vimekwisha, na uchaguzi wa viti vyote ulikuwa Novemba. Kwenye orodha andika "wazi" kuanzia Agosti 2022 hadi Januari 2023, na safu ya mrithi uiache tupu. Usione haya kuiacha tupu.

Je, bunge liko kikaoni? Gavana ana siku 5 tangu kiti kuwa wazi kutoa hati ya kuitisha uchaguzi, nao hufanyika haraka. Kwa kiti cha Eichorn zilipita siku 40 tu, kutoka 20 Machi hadi 29 Aprili, na mchujo wa vyama ukiwa ndani yake.

Je, zimebaki zaidi ya siku 150 kabla ya uchaguzi mkuu wa jimbo, na bunge halitakaa kabla ya matokeo yake kuthibitishwa? Basi pengo hujazwa siku ya uchaguzi mkuu, pamoja na kura nyingine zote. Hapa ndipo wanasiasa hupanga kwa kalenda. Kelly Morrison wa eneo la 45 aligombea Bunge la Marekani mwaka 2024 na akajiuzulu useneta tarehe 6 Juni. Hesabu mwenyewe hadi 5 Novemba: siku 24 za Juni, 31 za Julai, 31 za Agosti, 30 za Septemba, 31 za Oktoba, 5 za Novemba. Jumla 152. Angengoja wiki moja zaidi, kiti kingehitaji uchaguzi wake wa peke yake baada ya ule mkuu. Badala yake kikajazwa siku ileile, na ushindi wa Johnson Stewart ndio uliokipa chama cha DFL, jina la Democratic huko Minnesota, viti 34 dhidi ya 33.

Hesabu hizi hazifanyiwi haraka. Mwishoni mwa Desemba 2024 gavana aliitisha chaguzi ndogo mbili zifanyike siku moja, tarehe 28 Januari 2025. Moja ilikuwa ya Seneti, eneo la 60, ambako Kari Dziedzic alifariki tarehe 27 Desemba. Nyingine ilikuwa ya Baraza la Wawakilishi, eneo la 40B, ambako mahakama iliona mshindi wa Novemba hakutimiza sharti la makazi. Ile ya Seneti ikafanyika kama ilivyopangwa na Doron Clark akashinda. Ile ya 40B ilifutwa: tarehe 17 Januari Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema hati imetolewa mapema mno, kwa kuwa mjumbe wa muhula uliotangulia alikuwa bado anakikalia kiti hati ilipotiwa saini. Uchaguzi ukaja kufanyika tarehe 11 Machi. Hati mbili, gavana mmoja, tarehe moja. Tofauti yote ilikuwa kama kiti kweli kilikuwa kimeshafunguka.

Uchaguzi wenyewe hauna mengi. Mgombea hujaza fomu na kulipa dola 100. Chama kikubwa kikiwa na wagombea zaidi ya mmoja hufanyika mchujo. Wakiwa mmoja mmoja, mchujo hauna haja. Mpiga kura ambaye hajajiandikisha anaweza kujiandikisha kituoni siku hiyohiyo akiwa na uthibitisho wa makazi. Shida ni muda: dirisha la kuchukua fomu ni la siku chache, na jumuiya zetu hupata habari limeshafungwa. Mwenye kutunza orodha ndiye wa kupiga mbiu, na apige siku barua ya kujiuzulu inapotoka, asingoje siku ya kampeni.

Kiti kitupu kinabeba uzito

Wengi hudhani kiti kikiwa wazi, wingi hupungua: wakibaki 66, basi 34 si lazima. Ni lazima. Katiba inataka mswada upitishwe na wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa, na Seneti imekuwa ikihesabu 34 daima. Januari 2025, baada ya kifo cha Dziedzic, vyama vilibaki 33 kwa 33. Hakuna upande uliokuwa na kura za kupitisha chochote peke yake. Wakakubaliana kugawana madaraka, wakawa na marais wawili wa Seneti kwa pamoja, Bobby Joe Champion wa DFL na Jeremy Miller wa Republican, mpaka Clark alipoapa. Kwenye orodha yako hilo ni tukio: weka marais wawili kwa kipindi hicho, usimchague mmoja kwa kuwa jedwali lina nafasi ya jina moja.

Rais wa Seneti na ngazi ya juu

Sehemu hii inastahili jicho la karibu, maana hapa kiti cha seneta hugusana na ikulu ya jimbo. Zamani naibu gavana ndiye aliyeongoza vikao vya Seneti. Marekebisho ya katiba ya 1972 yaliondoa kazi hiyo kuanzia 1973, na sasa Seneti humchagua rais wake miongoni mwa wajumbe. Lakini kamba moja ilibaki: nafasi ya naibu gavana ikiwa wazi, anayeingia ni yule aliyechaguliwa mwisho kuongoza Seneti. Haombwi, haulizwi chama chake.

Mwaka 1976 kamba hiyo ilivutwa kutoka mbali. Walter Mondale, seneta wa Marekani, alichaguliwa makamu wa rais. Gavana Wendell Anderson akajiuzulu ili achukue nafasi ya Mondale huko Washington. Naibu wake Rudy Perpich akawa gavana. Na rais wa Seneti, Alec Olson, akawa naibu gavana. Mtu mmoja kupanda, wanne wakasogea.

Ikavutwa tena Januari 2018. Naibu gavana Tina Smith, wa DFL, alikwenda Seneti ya Marekani kujaza nafasi ya Al Franken. Rais wa Seneti ya jimbo alikuwa Michelle Fischbach, wa Republican. Akawa naibu wa gavana wa chama pinzani, na chama chake kikiwa na wingi wa kiti kimoja tu, hakutaka kuacha useneta. Katiba inamkataza mjumbe kushika ofisi nyingine ya jimbo. Upande wake ukaegemea hukumu ya mwaka 1898 iliyoruhusu vyeo vyote viwili. Mpiga kura mmoja alikwenda mahakamani na kesi ikatupwa kwa kuwa ilikuja mapema. Fischbach aliendelea kupiga kura mpaka kikao kilipokwisha, akajiuzulu useneta tarehe 25 Mei, na kiti cha 13 kikaenda kwa Jeff Howe kwenye uchaguzi wa Novemba. Kwa hiyo siku yake ya mwisho Seneti ni ya Mei. Anayeandika 3 Januari kwa sababu ndiyo siku unaibu gavana ulipomwangukia anafuta miezi karibu mitano ya kura halali.

Funzo hilo vyama havikulisahau. Novemba 2020 uvumi ulikuwa kwamba Amy Klobuchar, seneta wa Marekani kutoka Minnesota, angeingia serikali ya Joe Biden, na mlolongo ungeanza upya. Republican, wenye wingi, wakamchagua Tomassoni, ambaye si wa chama chao, kuwa rais wa Seneti, ili kama mtu atang'olewa asiwe wao. Klobuchar hakuondoka, na Januari urais ukarudi kwa Miller. Ukiona kwenye orodha rais wa miezi miwili kutoka upande wa wachache, usidhani ni kosa la chapa.

Pengo huzaa pengo

Kila ukiandika jina la mrithi, uliza: alikuwa ameketi wapi jana? Tarehe 4 Novemba 2025 zilijazwa nafasi mbili za Seneti. Eneo la 29, la marehemu Bruce Anderson, lilikwenda kwa Michael Holmstrom. Eneo la 47 lilikwenda kwa Amanda Hemmingsen-Jaeger, aliyekuwa mwakilishi wa 47A, na kwa kupanda kwake 47A ikabaki wazi. Anayetunza orodha ya Seneti pekee hataliona pengo hilo. Mkazi wa 47A aliliona, kwa kuwa simu ya mwakilishi wake haikuwa na mwenyewe.

Mahali pa kuhakikisha, kwa mpangilio wa kuaminika: jarida rasmi la Seneti kwa siku ya kiapo, ofisi ya Katibu wa Jimbo kwa hati za gavana na matokeo, maktaba ya bunge la Minnesota, ambayo ina hazina ya wajumbe wa sasa na wa zamani pamoja na orodha ya chaguzi ndogo. Magazeti yaje mwisho, kwa sababu hayo huandika siku ya tangazo.

Na ukihamia jimbo jingine, sheria hizi uziache Minnesota. Washington chama hutoa majina matatu na makamishna wa kaunti huchagua. Illinois kamati ya chama cha aliyeondoka huteua ndani ya siku 30. Texas huitisha uchaguzi. Nebraska ina chumba kimoja tu cha bunge, na gavana huteua mwenyewe. Katika majimbo ya kuteua, ongeza safu moja kwenye jedwali, "aliteuliwa na nani", na uitofautishe siku ya uteuzi na siku aliyokuja kuchaguliwa na wananchi, kwa kuwa wengine huteuliwa na hawachaguliwi kamwe.